Mkahawa na Jirani Zake



Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mkahawa ni kazi ya tumbo tu. Mwenye njaa huingia, hula, hulipa, huenda zake; naye aliyempikia hujifuta jasho akingoja mwisho wa mwezi. Mimi nimeifanya kazi hiyo tangu mwaka wa 2004 katika mtaa wa Himbi, mjini Goma, kwanza nikiosha vyombo, sasa nikiwa mkubwa wa jiko. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mkahawa una madeni matatu. Deni la kwanza ni mshahara wa watu wake. La pili ni nafasi ya watu hao kukuza vipaji walivyopewa. La tatu ni msaada kwa jirani wanaouzunguka. Nayo madeni hayo yana utaratibu wake: alipaye la tatu kabla ya la kwanza hajatoa sadaka, bali ametoa mali ya mtu mwingine.

Mtaa wetu uko kando ya Ziwa Kivu, upande wa magharibi wa mji. Chini, penye maji, pana hoteli, mikahawa na nyumba kubwa zilizozungushiwa kuta za mawe meusi, yaani mawe ya moto wa mlima Nyiragongo yaliyokwisha kupoa. Lakini ukiivuka barabara iendayo Sake, kisha ukaendelea kuelekea Ndosho, utakuta nyumba za mbao zilizosongamana juu ya mawe yale yale. Wageni wetu walikuwa watu wa chini: wafanyabiashara, wenye vyeo, na watumishi wa mashirika ya misaada. Sisi wafanyakazi tulikuwa watu wa juu. Kila alfajiri tulishuka, na kila usiku tulipanda, tukipishana njiani na vijana wa chukudu na watoto wabebao bidoni za maji ya ziwa.

Hata chakula tunachokiuza kilikuwa mali ya jirani kabla hakijawa chetu. Viazi, maharagwe na jibini vyatoka milima ya Masisi. Sombe hutwangwa na akina mama wa sokoni. Sambaza huvuliwa usiku na wanaume waimbao katika mitumbwi iliyofungamanishwa mitatu mitatu, taa zao zikiwaka juu ya maji. Tena sambaza hao hawakuwamo katika ziwa letu tangu asili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache. Wakazaana, na sasa hakuna nyumba ya Goma isiyowajua. Basi mtu asiseme, “Chakula hiki ni changu, nimekinunua.” Kabla ya kufika katika kaango lake kimepita katika mikono mingi.

Nitaanza na deni la pili, yaani vipaji, kwa sababu ndilo lililotangulia katika habari zetu. Tena ndilo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi.

Mwaka wa 2018 alikuja kwetu kijana wa kuhudumu mezani. Alikuwa mwepesi wa miguu, mwenye adabu, na hesabu yake haikupungua hata faranga moja. Lakini kila alipopata nafasi alichezesha vidole juu ya meza tupu, kama mtu ahesabuye kitu asichotaka wengine wakijue. Kumbe alikuwa mpiga gitaa. Mwezi wa Februari 2014 alikuwa mmoja wa vijana waliofurika katika uwanja wa Collège Mwanga kwa Tamasha la Amani, lile la kwanza, ambalo tiketi yake ilikuwa dola moja tu. Tangu siku hiyo aliutamani muziki kuliko kitu kingine chochote.

Baba yake hakupendezwa. Siku moja alinifuata hata mlango wa jiko, akaniambia, “Mama, wewe mwanangu anakusikiliza. Umwambie aliache hilo gitaa. Wapiga gitaa wote mwisho wao ni pombe.”

Nikamjibu, “Mzee, pombe huuzwa hata kwa wasiopiga gitaa.”

Akacheka kidogo, nasi tukaketi tukazungumza. Nikamkumbusha habari za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye nyimbo zake za Kiswahili wazee wetu walizisikiliza. Mwaka wa 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo za wenyeji, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wakaiga mtindo wa vidole vyake. Hata hivyo mtu huyo aliishi miaka mingi kwa kazi za ofisini. Ofisi haikuliua gitaa, wala gitaa halikuiua ofisi. Yule mzee aliondoka bila kukubali, lakini pia bila kukataa. Na kwa baba wa Kivu hiyo ni hatua kubwa.

Palibaki tajiri wetu. Yeye ni mama mfanyabiashara, mtu wa haki, lakini mkali wa hesabu. Kijana alipomwomba nafasi ya Jumatatu alasiri ili afundishe watoto wa mtaa, alisema, “Nikikupa wewe Jumatatu, mwingine ataniomba Jumanne, na wageni watajipikia wenyewe.” Neno hilo halikuwa la upuzi. Mwenye mkahawa hulipa kodi, makala, mafuta na mshahara hata siku ambayo hakuna mgeni. Tukachukua daftari, tukatazama mauzo ya kila siku. Tukaona ya kuwa Jumatatu, tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, meza nyingi zilikuwa tupu. Tajiri akakubali kwa mwezi mmoja wa majaribio, kwa sharti kijana aje mapema kila Jumamosi. Somo likafanyika katika ua wa nyuma, karibu na banda la makala.

Jumatatu ya kwanza walikuja watoto wanne, na gitaa lilikuwa moja. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa kumi na saba, na magitaa yalikuwa matatu, moja likiwa limetengenezwa kwa debe la mafuta. Wale waliokuwa wakizurura langoni kwetu wakiomba sarafu kwa wageni, sasa waliingia kwa mlango wa nyuma na kunawa mikono kabla ya kushika nyuzi, kwa maana mwalimu hakukubali mikono michafu. Mlinzi wetu akaniambia kwamba Jumatatu imekuwa siku yake ya kupumzika.

Mwingine alikuwa msichana mwosha vyombo, aliyekimbia vita kutoka Masisi akiwa bado mdogo. Huyo hakuomba chochote. Lakini niliona kwamba mifuko ya karatasi ya unga ilikuwa ikipotea, nikaikuta nyuma ya mlango, imejaa picha alizozichora kwa kipande cha makala: ng'ombe wa Masisi, mtumbwi, mimi mwenyewe na mwiko wangu, nimenenepa kuliko nilivyo. Nikamwonyesha tajiri. Akaitazama picha yangu kwa muda, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaagiza msichana huyo awe mwandishi wa ubao wa vyakula. Kila siku akachora samaki au kuku kando ya bei. Baada ya miezi michache fundi cherehani wa jirani akamwomba amchoree bango la duka lake, kisha mwenye saluni, kisha muuza dawa. Ukipita leo katika njia zetu utaona kazi ya mikono yake, nami najua ilianza katika karai la maji ya sabuni.

Wenye mikahawa watauliza, “Faida yetu iko wapi?” Faida ipo. Katika kazi yetu watu huja na kuondoka kama abiria wa meli. Kila mwezi hufundisha mpya, na kila mpya huvunja sahani zake. Kwetu sisi kumi na wanne tulikaa pamoja kwa miaka. Mtu ajuaye kwamba anatambuliwa kwa jina na kwa kipaji hafanyi kazi huku akitazama mlango wa kutokea.

Sasa nije kwenye deni la tatu, ambalo ni msaada kwa jirani. Hilo tulifundishwa na mlima.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka. Wazee walikumbuka Januari ya 1977, na sisi tulikumbuka Januari ya 2002, moto ulipopita katikati ya mji hata ziwani. Mara hii moto ulisimama pembeni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutikisika kwa siku nyingi, na tarehe 27 Mei watu wa mitaa kumi waliamriwa kuhama. Barabara ya Sake ikajaa magari, pikipiki, chukudu, magodoro na watoto. Tajiri wetu alisimama langoni akiwatazama. Kisha akarudi jikoni akasema, “Pikeni vyote.” Tukapika mchele, maharagwe na nyama iliyokuwa katika friji, tukatandaza meza kando ya njia, tukagawa mpaka ghala likawa tupu. Hakuna aliyetupiga picha, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikimbia.

Mtu angeweza kusema kwamba siku ile imekwisha, na wema wetu umekwisha. Lakini katika mwaka wa 2023 na wa 2024 vita vilisukuma watu wa Masisi na Rutshuru mpaka pembeni mwa mji. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, mahali pote pakawa na vibanda vya maturubai. Akina mama walitoka huko asubuhi kwa miguu, wakafika Himbi kubisha milango, wakitafuta nguo za kufua. Wengine walirudi jioni bila kitu. Ndipo tukaanza sufuria ya Jumatano: mchele, maharagwe, na lengalenga, sahani sitini, saa saba ya mchana, katika ua ule ule wa magitaa.

Jumatano ya kwanza mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, hakupokea sahani mara moja. Aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mama, chakula hiki ni cha leo?” Kilikuwa cha leo. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni, nikamwonyesha sufuria bado ikitoa mvuke juu ya babula, na wafanyakazi wetu wakipakua kutoka humo humo. Ndipo akala. Swali lake sikulisahau. Mtu aliyezoea kupewa mabaki hujifunza kunusa kabla ya kushukuru. Tangu siku ile tukaweka sheria: sufuria ya jirani na sufuria ya wafanyakazi ni moja, kisichofaa kinywani mwetu hakifai kinywani mwao.

Katika mji huu hatuwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Sote twamjua kijana wetu Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka wa 1981. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani, katika ofisi ya serikali ya ukaguzi. Alizuia mchele ulioharibika usiingie sokoni, akakataa hongo, na kwa ajili hiyo akatekwa na kuuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma. Wengi huishia hapo. Mimi hupenda kukumbusha jambo la pili: baada ya saa za kazi, kijana huyo pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa akienda kwa watoto wa barabarani, akiwatafutia shule na kuwafundisha. Mchana alilinda chakula cha watu asiowajua. Jioni alikaa na watoto wasio na mtu. Uaminifu wa kazini na upendo wa baada ya kazi havikuwa kwake vitu viwili.

Habari nyingine iliyonisaidia nimeisoma kutoka nchi ya Kenya. Binti mmoja, Wawira Njiru, alipokuwa akisomea mambo ya lishe huko Australia, aliandaa karamu mwaka wa 2012: alipika vyakula vya kwao, wageni wakalipa. Kwa fedha zile, kama dola 1,250, akajenga jiko dogo huko Ruiru na kulisha watoto wa shule 25. Kazi hiyo ikakua mpaka ikawa majiko makubwa yanayolisha maelfu na maelfu ya wanafunzi. Na mpango wa shule za Nairobi ulipoanzishwa mwaka wa 2023, mzazi alitakiwa kulipa shilingi 5 kwa sahani. Nilistaajabia mambo mawili. Kwanza, hakungoja awe tajiri. Alianza na kipaji alichokuwa nacho mkononi, yaani kupika. Pili, zile shilingi 5 ni kidogo sana kwa gharama ya chakula, lakini ni nyingi kwa heshima ya mzazi, kwa maana mtoto wake hali bure kama mwombaji.

Nasi tulilifuata wazo hilo kwa namna yetu. Aliyeweza alileta bidoni ya maji, au alichambua maharagwe pamoja nasi kabla ya saa saba. Asiyeweza hakuulizwa. Kwa njia hiyo ua wetu haukuwa mahali pa kugawia tu. Ulikuwa mahali pa kufanya kazi pamoja, na wakati wa kuchambua tulijua nani ana mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana tangu juma lililopita.

Ilikuwa katika ua huo, mwaka wa 2024, nilipolielewa deni la kwanza. Jumatano moja, katika mstari wa sahani, nilimwona mwanamume niliyemfahamu. Aliinamisha kichwa ili nisimtambue. Alikuwa mwosha vyombo wa mkahawa mmoja usio mbali na wetu. Juma lililotangulia mkahawa huo uligawa mifuko ya mchele kwa wakimbizi, kukapigwa picha nyingi, na wageni wakausifu sana. Nikampakulia bila kumwuliza neno. Yeye mwenyewe akaniambia, macho yakiwa chini, “Mama, ni mwezi wa tatu sasa hatujalipwa.”

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Mchele ule uliopigwa picha ulinunuliwa kwa fedha gani? Kwa jasho la yule aliyesimama katika mstari wetu. Alimlisha mkimbizi bila kuulizwa, kisha yeye naye akawa mwenye njaa. Je, hiyo ni sadaka? Kwa Kiswahili tunalo neno fupi zaidi la kumtaja achukuaye kitu cha mtu bila idhini yake.

Kesho yake nilimweleza tajiri wetu. Mwezi ule hata yeye alikuwa amechelewesha mishahara kwa siku kumi, kwa maana biashara ilikuwa ngumu, barabara za Masisi zimefungwa, bei ya viazi na makala imepanda. Hakusema neno. Jioni alilichukua daftari, akaandika kwa mkono wake utaratibu mpya: tarehe 28 mshahara, mshahara ukiisha kulipwa, ndipo yanunuliwe maharagwe ya Jumatano, na kama fedha hazitoshi, sahani zipungue, mishahara isipungue. Kisha akatuita sote akatusomea. Sijawahi kuona daftari la hesabu likisikilizwa kwa utulivu namna ile.

Tena akaongeza jambo ambalo naliona kuwa la hekima. Alisema kwamba kipaji cha mtu kisitumiwe kuwa sababu ya kumlipa kidogo. Wako mabwana wanaomwambia mpiga gitaa, “Piga hapa jioni hii, utajulikana.” Kujulikana hakununui unga. Kijana wetu alipopiga mbele ya wageni usiku wa Ijumaa, alilipwa kwa kupiga, mbali na mshahara wake wa mezani. Na msichana wa picha alipochora ukuta wa ndani, alilipwa kama fundi.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Sitaeleza yale ambayo kila familia ya Goma inayajua, kwa maana hakuna mtaa usio na makaburi mapya. Nitasema ya mkahawa tu. Tulifunga kwa majuma kadhaa. Tulipofungua, mabenki yalikuwa yamefungwa, ndege hazikutua, fedha taslimu zilikuwa haba, na watu wengi wa mashirika walikuwa wameondoka. Meza ishirini, na siku nyingine wageni watano.

Tajiri alituita tena, akafungua daftari mbele yetu, tukaona wenyewe. Fedha zilitosha mishahara ya watu saba. Tulikuwa kumi na wanne. Akasema, “Semeni ninyi. Nikichagua mimi, nusu yenu watanichukia, na nusu watawaonea haya wenzao.”

Palikuwa na kimya kirefu. Kisha yule kijana wa gitaa akasema kwamba kila mtu afanye kazi majuma mawili kwa mwezi, na majuma mawili ajitafutie. Yeye angepiga katika arusi chache zilizobaki na kufundisha watoto ambao wazazi wao waweza kulipa. Msichana wa picha akasema mabango yatakuwapo, kwa maana maduka yaliyoporwa yalihitaji kupakwa rangi upya. Mwingine alikuwa fundi wa viatu, mwingine alisuka nywele, mwingine alioka mandazi alfajiri. Ndipo ikaonekana kwamba vile vilivyoitwa michezo ya baada ya kazi vilikuwa akiba iliyowekwa bila kujua, wala haikuwa katika benki ya kufungwa.

Lakini si kila mtu alikuwa na akiba hiyo. Mzee wetu wa kukatakata nyama, mwenye wajukuu wanne, hakuwa na ufundi mwingine, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Ukimya ukarudi. Basi wawili kati ya vijana wakasema wampe juma moja moja la zamu yao; naye akafanya kazi mwezi mzima. Hilo tajiri hakuliandika yeye. Liliandikwa na wao wenyewe, katika daftari lile lile, chini ya utaratibu wa mshahara.

Sufuria ya Jumatano haikufa. Kutoka sahani sitini ilishuka hadi ishirini na tano, na juma moja hatukuweza kupika kabisa. Walakini akina mama walioizoea walikuja hata juma lile, wakiwa na kidogo kidogo cha kwao, mmoja viazi vinne, mwingine kikombe cha maharagwe, wakatuomba moto tu. Tukawapa moto. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Nami siku ile nilikiona kibaba hicho kikijaa katika sufuria yangu.

Miezi michache baadaye kijana wa gitaa alihama mji, akaenda kujitafutia maisha mahali penye utulivu zaidi. Tuliona huzuni. Jumatatu iliyofuata nilidhani ua utakuwa mtupu. Lakini saa nane mwanafunzi wake mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, alikuja na lile gitaa la debe, akawapanga wadogo juu ya magunia, akawaambia waonyeshe mikono kama imenawa. Baba yake yule aliyehama, ambaye zamani alilichukia gitaa, ndiye aliyemletea nyuzi mpya.

Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, yafaa kila mmoja ayatafakari mambo haya kwa nafasi yake.

Ninyi wenye mikahawa, hata malewa yenye benchi mbili tu, msiseme kwamba mnangoja faida ndipo mtoe. Anzeni kwa kulipa watu wenu siku iliyoahidiwa, kwa maana wao ndio jirani zenu wa kwanza. Kisha tazameni daftari: kuna saa ambayo meza ni tupu. Saa hiyo haiwagharimu kitu, na kwa kijana fulani yaweza kuwa mlango wa maisha.

Ninyi wafanyakazi, msikione kipaji kuwa njia ya kukimbia kazi. Aombaye saa ya gitaa naye afike mapema siku ya zamu. Na mkijua jambo, mfundisheni mtoto mmoja wa mtaa.

Ninyi wazazi, mtoto wenu akifanya kazi ya kuosha sahani, msimwone amepotea. Na akichora au kuimba baada ya sahani, msimwone mpumbavu. Mwulizeni tu kama analipwa, na kama ananawa mikono.

Nanyi wageni mlao katika mikahawa yetu, mkitaka kujua kama nyumba fulani ina wema, msitazame picha zilizobandikwa ukutani. Mwulizeni taratibu yule awaleteaye sahani kama mshahara wake hufika. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo wa kutoa huonekana kwanza jikoni, kwa wale walioshika mwiko, ndipo ufike langoni.